Siku Tano Mizigo, Siku Mbili Milimani

Arist Dethleffs alikuwa mtu wa njiani. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha viboko vya farasi na fimbo za kutelezea kwenye theluji katika mji wa Isny, kusini kabisa mwa Ujerumani, pale nchi inapoanza kuinuka kuelekea milima ya Alps. Biashara ya namna hiyo haimsubiri mteja dukani. Ilimbidi aende mwenyewe, mji kwa mji, sampuli zikiwa ndani ya gari, na kurudi nyumbani baada ya siku nyingi. Mchumba wake, Fridel Edelmann, alikuwa mchoraji, na habari ya kukaa akihesabu siku za mwanamume aliyeko safarini haikumwingia akilini. Akamwandikia barua akiomba kitu kinachofanana na yale magari ya farasi ya Wajipsi, ambacho wangeweza kusafiri nacho wawili, wakalala humo humo, naye akapata pa kuchorea.

Mwaka 1931 Dethleffs akakitengeneza. Kilikuwa kibanda cha mbao chenye magurudumu, cha kukokotwa nyuma ya gari dogo, ndani mkiwa na mahali pa kulala, pa kupika na pa kukaa. Huhesabiwa kuwa karavani ya kwanza ya Kijerumani. Mume aliendelea kuuza viboko na fimbo zake, mke akachora milima, na watu walioliona gari hilo likipita wakaanza kuuliza linauzwa wapi. Haukupita muda mrefu kiwanda cha viboko kikawa kiwanda cha karavani. Jina la Dethleffs bado limo katika biashara hiyo, na makao yake bado ni Isny.

Hadithi hii inafaa kukumbukwa kila mtu anapotazama matangazo ya leo ya magari ya kulala ndani. Humo kuna jangwa, kuna pwani isiyo na mtu, kuna barabara inayonyooka mpaka upeo wa macho, na kijana aliyeacha kazi akaelekea mwisho wa dunia. Picha ni nzuri, lakini si asili ya gari lenyewe. Gari hili limetoka kwa watu waliokuwa na kazi, waliotakiwa kuwa kazini Jumatatu, na ambao hawakutaka kumwacha mwenzao nyumbani. Na walikokwenda nalo hakukuwa mbali: ilikuwa milima ile ile waliyoiona dirishani kila siku.

Kweli, kabla ya Dethleffs walikuwapo waliosafiri na nyumba kwa starehe, ila starehe yao ilibebwa na mikono ya watu wengine. Mfano mzuri ni William Gordon Stables, Mskoti aliyekuwa daktari katika jeshi la majini la Uingereza. Ujanani alihudumu katika meli iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa kwenye pwani ya Msumbiji, akarudi kwao na kumbukumbu zilizomtosha kuandikia vitabu vya vijana kwa miaka mingi. Mwaka 1885 aliagiza kwa mafundi wa Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, la uzito wa karibu tani mbili, akaliita Wanderer. Kwa gari hilo alitoka Berkshire, kusini mwa Uingereza, akavuka milima ya Grampian mpaka Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Ndani mlikuwa na sofa, rafu ya vitabu na kasuku. Lakini alikuwapo pia mtumishi, na mwendesha farasi, na mbwa mkubwa. Mtumishi alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuangalia njia na kuwaonya wenye mikokoteni kwamba kuna nyumba inakuja. Daktari alikuwa amepumzika kwelikweli. Wenzake walikuwa kazini.

Wamarekani nao walifanya vivyo hivyo kwa petroli. Henry Ford, mvumbuzi Thomas Edison, mwenye viwanda vya matairi Harvey Firestone na mwandishi wa mambo ya asili John Burroughs walikuwa na desturi ya kwenda kupiga kambi pamoja wakati wa kiangazi. Urafiki wa Ford na Burroughs ulianza kwa njia ya kuchekesha: mzee huyo alikuwa akiyasema vibaya magari na viwanda, Ford akampelekea zawadi ya gari. Mwaka 1918 wanne hao walizunguka milima ya Appalachia, kupitia West Virginia, Tennessee, Carolina Kaskazini na Virginia. Burroughs alikuwa amepita miaka 80. Edison ndiye aliyechagua njia, na alipenda barabara mbovu za vijijini kuliko barabara kuu. Jioni mahema yao yaliwashwa taa za umeme kutoka kwenye betri alizozibuni mwenyewe.

Mwaka 1919 msafara wao ulikuwa na gari la jiko lenye stovu ya petroli na sanduku la barafu la kuhifadhia chakula, na mpishi wa kulisimamia. Gari jingine lilibeba mahema, vitanda na viti. Walijiita wazururaji. Mzururaji mwenye mpishi, dereva na waandishi wa habari nyuma yake ni mzururaji wa aina yake! Mwaka 1921, miezi michache baada ya kifo cha Burroughs, Rais Warren Harding alijiunga nao katika kambi yao huko Maryland, na picha zikaenea magazetini nchi nzima. Umaarufu huo ndio ulioiua desturi yenyewe. Baada ya mwaka 1924 wakaacha, maana kila walipotua walikuta watu wamekwisha kusanyika kuwatazama.

Kwa hiyo wazo la kulala milimani karibu na gari lako lilikuwapo. Kilichokosekana ni gari ambalo fundi bomba au muuza mkate angeweza kulimiliki, na sababu ya kulinunua ambayo mkewe na benki wangeikubali.

Gari hilo lilitokana na mkokoteni wa kiwandani. Baada ya Vita vya Pili, kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza, na msimamizi wake alikuwa Meja Ivan Hirst. Vyombo vya kuhamishia vipuri ndani ya kiwanda vilikuwa haba, kwa hiyo mafundi walichukua chesisi ya gari dogo la Volkswagen lenye umbo la kobe, wakaweka jukwaa la mbao mbele na kiti cha dereva nyuma juu ya injini, wakapata kigari cha kubebea mizigo. Mholanzi mmoja, Ben Pon, aliyekuwa akitafuta bidhaa ya kuuza kwao, alikiona akakipenda. Akataka kukiingiza Uholanzi. Wakubwa wa usalama barabarani wa huko wakakataa: dereva lazima akae mbele.

Tarehe 23 Aprili 1947, Pon akatoa daftari lake na kuchora. Mchoro wenyewe ni mistari michache tu ya kalamu: boksi lililoviringana pembeni mithili ya mkate wa boflo, injini nyuma, dereva mbele kabisa juu ya magurudumu, mzigo katikati. Aliandika pia uzito aliokusudia kubebwa, kilo 750. Karatasi hiyo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum huko Amsterdam, mahali penye michoro ya Rembrandt.

Heinrich Nordhoff aliposhika uongozi wa kiwanda mwaka 1948 aliupokea mpango huo. Haukwenda vizuri mwanzoni. Gari la majaribio lililojengwa juu ya chesisi ya kobe lilipinda katikati lilipopewa mzigo, ikabidi mafundi waanze upya na bodi inayojibeba yenyewe. Chuo cha ufundi cha Braunschweig kilijaribu modeli yake mbele ya upepo wa mashine, na sura ya mbele ilipoviringwa, ukinzani wa hewa ulishuka kutoka 0.75 hadi karibu 0.44. Tarehe 8 Machi 1950 magari ya kwanza yalianza kutoka kiwandani kwa wingi. Wajerumani waliyaita Bulli. Sehemu kubwa ya dunia, na Afrika Mashariki ikiwamo, iliyajua kwa jina la kombi.

Wateja wa kwanza walikuwa waokaji, wauza mboga, mafundi umeme, posta na zimamoto. Hakuna aliyekuwa akiwaza milima.

Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia, ya mji wa Wiedenbrück, ilipata ombi kutoka kwa ofisa mmoja wa jeshi aliyetaka kombi yake iwe pia mahali pa kulala. Westfalia ilikuwa kampuni kongwe, iliyoanza mwaka 1844 kwa kutengeneza magari ya farasi, na baadaye ikajulikana kwa trela na ndoano za kuvutia trela. Mafundi wake wangeweza kulichimba gari lote na kujenga nyumba ndani. Badala yake walifanya jambo la werevu zaidi: walitengeneza sanduku.

Sanduku hilo, lililouzwa kwa jina la Camping Box, linastahili kutazamwa kwa karibu. Lilikuwa kabati kubwa la mbao lililokaa nyuma ya kiti cha dereva. Ukilifungua, unatoa matakia ambayo mchana ni kiti na usiku, yakilazwa juu ya mbao, ni kitanda cha watu wawili. Ndani yake mna meza ya kukunja na jiko dogo la kupikia chai na mayai. Mlango wa pembeni uliweza kubeba kabati jembamba lenye beseni na kioo, hivi kwamba mwenye gari alifungua mlango asubuhi, akasimama nje kwenye nyasi na kunyoa ndevu akitazamana na ng'ombe. Nyuma, juu ya injini, palikuwa na pa kutundikia nguo. Madirishani kulikuwa na mapazia, mara nyingi ya mirabaraba. Mtoto, kama yupo, alilazwa kwenye kiti cha mbele.

Na Jumapili jioni sanduku lilitolewa. Hilo ndilo lililokuwa jibu kwa mke na benki. Jumatatu asubuhi gari lilikuwa tupu tena, tayari kwa mabomba, unga au nyaya. Mwenye karakana hakununua anasa. Alinunua chombo cha kazi ambacho, kwa kuongeza samani za mbao, kilimpeleka milimani mwisho wa wiki. Ni vigumu kupata kifaa kingine cha miaka hiyo kinachoeleza hali ya Mjerumani wa kawaida kwa usahihi zaidi. Alikuwa ameanza kupata fedha kidogo baada ya miaka ya njaa, lakini hakuwa amezoea kuzitumia kwa kitu kisicho na kazi.

Lakini gari peke yake halitoshi. Lazima iwepo na siku ya kulitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mfanyakazi wa Ujerumani Magharibi alikuwa bado anafanya kazi Jumamosi. Mwaka 1956 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilianzisha kampeni ya wiki ya siku tano na saa 40, na bango lake la Mei Mosi lilikuwa na mtoto anayedai kwamba Jumamosi baba ni wake. Viwanda vilikubali kimoja baada ya kingine katika miaka iliyofuata. Mwaka 1963 sheria ya taifa ikaweka kiwango cha chini cha likizo yenye malipo. Siku mbili za wiki zikawa mali ya mtu mwenyewe. Kutoka Munich hadi Garmisch, chini ya kilele cha Zugspitze, ni kama kilomita 90. Unaondoka Ijumaa baada ya kazi, unafika kabla ya giza la kiangazi, unakunywa kahawa, unalala.

Kombi za kwanza zilikuwa na injini ya nguvu za farasi 25 tu, na gari lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu tani moja kabla hujaweka sanduku, sufuria, dumu la maji na rafiki. Kwenye tambarare lilijikongoja kwa kilomita 75 au 80 kwa saa. Mlimani lilipanda kwa gia ya kwanza na ya pili, na magari ya nyuma yakapanga foleni. Hata hivyo lilipanda. Mafundi waliweka gia za kupunguza mzunguko kwenye magurudumu ya nyuma, mbinu iliyochukuliwa kutoka gari la jeshi la wakati wa vita, zikaongeza nguvu ya kupanda kwa gharama ya mbio. Injini ilipozwa na hewa, haikuwa na rejeta, kwa hiyo haikuwa na maji ya kuchemka. Mtu aliyepata kuegesha gari kwenye kona ya mpando mkali, boneti wazi na mvuke ukitoka, anajua faida hiyo.

Kushuka kulihitaji akili zaidi. Breki zote zilikuwa za ngoma, na breki za ngoma zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata joto na kupoteza nguvu. Wazoefu walishuka kwa gia ile ile waliyopandia. Kabla ya maboresho ya mwaka 1953 kubadili gia kwenyewe kulimtaka dereva akanyage klachi mara mbili, la sivyo gia zililia. Na joto la kupashia watu ndani lilitoka kwenye injini iliyo nyuma kabisa, likasafiri urefu wote wa gari na kufika mbele likiwa limechoka. Asubuhi za milimani ulikwangua barafu upande wa ndani wa kioo, pumzi za watu wawili zilizoganda usiku kucha. Walioandika baadaye kuhusu starehe ya kombi wamelipunguza sana suala la baridi.

Uwanja mkuu wa mitihani hii ulikuwa barabara ya Grossglockner, nchini Austria. Ujenzi wake ulianza mwaka 1930, wakati mdororo wa uchumi umewaacha watu wengi bila kazi, chini ya mhandisi Franz Wallack. Mwezi Septemba 1934, kabla haijakamilika, Wallack na mkuu wa jimbo la Salzburg, Franz Rehrl, waliivuka kwa gari dogo la Steyr ili kuwathibitishia wenye shaka kwamba inapitika. Ilifunguliwa rasmi tarehe 3 Agosti 1935. Ina urefu wa kilomita 48 na kona kali 36 zenye namba, na tawi lake la kupandia Edelweissspitze hufika mita 2,571. Kwa msomaji aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo bado ni chini ya vibanda vya Mandara. Lakini hapo gari linafika lenyewe, na mbele yako kuna vilele vingi vya zaidi ya mita 3,000.

Wallack hakuijenga barabara hiyo kwa ajili ya mizigo. Ilijengwa ili watu walipie kuitazama milima wakiwa wamekaa garini, na ushuru unatozwa mpaka leo. Volkswagen nayo iliielewa biashara hiyo. Mwaka 1951 ilitoa kombi ya kifahari yenye madirisha 23, baadhi yake madogo, yaliyopangwa kwenye ukingo wa paa ili abiria aone kilele bila kutoa kichwa nje. Mashirika ya utalii yaliinunua. Paa la kufunguka nalo likaja kupata kazi nyingine mbali na Alps: katika mbuga za Kenya na Tanzania miaka ya 1970, kombi zilizofunguliwa paa zilijaa watalii waliosimama kutazama simba. Milimani paa liliinuliwa ili mtu asimame avae suruali bila kugonga kichwa.

Njia nyingine, Brenner, ilikuwa na tabia tofauti. Ni pito la kama mita 1,370 tu, karibu sawa na Lushoto, nalo ndilo mlango wa kutoka Austria kuingia Italia. Katika miaka ya 1950 Wajerumani waliopita hapo na kombi zao walichukua siku nzima. Barabara ilikuwa nyembamba, ilipita katikati ya vijiji, na watu walisimama kula mkate na soseji kando ya mto kwa sababu injini ilihitaji kupumzika na wao pia. Daraja la Europabrücke, lililopita mita 190 juu ya bonde la mto Sill, lilifunguliwa mwaka 1963, na barabara kuu ikakamilishwa kwa vipande. Baada ya hapo mlima uliovukwa kwa siku ulivukwa kwa saa. Vijiji vya chini vilibaki na hoteli tupu. Waliotaka kufika Ziwa Garda, upande wa Italia, walifurahi. Waliotaka milima yenyewe ilibidi waiache barabara kuu kwa makusudi, na ndivyo wenye kombi wengi walivyofanya, si kwa falsafa yoyote bali kwa sababu gari lao halikuweza kwenda na wengine.

Westfalia iliendelea kuboresha. Kutoka sanduku la kutolewa ikaja samani ya kudumu, kisha paa la kuinuka lenye kitambaa pembeni, kisha jokofu. Kombi ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 1967, ilikuwa na mlango wa kusukuma pembeni, na miaka michache baadaye ikapata breki za diski mbele. Kufikia mwaka 1971 Westfalia ilikuwa imekwisha kutengeneza magari 100,000 ya kulala ndani, mengi yakivushwa bahari kwenda Marekani, ambako vijana waliyapaka maua na kuyapeleka kwenye matamasha. Huko ndiko ilikozaliwa ile hadithi ya uhuru usio na mwisho ambayo wauzaji wanaitumia mpaka sasa. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipofika, soko la Marekani likaporomoka, na kampuni ikawarudia wale wateja wake wa zamani wenye siku mbili na mlima wa karibu.

Kwa hao Volkswagen ilitoa mwaka 1988 gari ililoliita California, jina la mahali ambapo wanunuzi wake wengi hawakuwa na mpango wa kwenda. Lilitengenezwa na Westfalia kwa muda wa miaka 15 hivi. Kampuni hiyo iliponunuliwa na DaimlerChrysler, mshindani wa Volkswagen, ushirika wa nusu karne ukavunjika na Volkswagen yenyewe ikaanza kujenga samani. Brazil, iliyoendelea kutengeneza kombi ya umbo la zamani baada ya kila nchi nyingine kuacha, ilifunga laini yake mwisho wa mwaka 2013, kwa kuwa sheria mpya ilidai mifuko ya hewa na breki zisizojifunga, na gari lililochorwa na Ben Pon halikuwa na pa kuviweka.

Magari ya leo yana nguvu mara sita au zaidi ya zile farasi 25. Hayakwanguliwi barafu kwa ndani. Bei zake nazo zimepanda kuliko barabara ya Wallack: gari lililobuniwa kwa ajili ya mwenye karakana sasa hununuliwa na daktari na wakili, na Jumatatu hubaki limeegeshwa. Mnamo 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga viwanja vya ndege, Ujerumani ilisajili zaidi ya magari na karavani mpya 100,000 za kulala ndani katika mwaka mmoja, na wengi wa wenye nazo waliwasha injini na kuelekea upande ule ule, kusini, kwenye Alps.

Milima haikuongezeka. Maegesho ya mwanzo wa njia za miguu katika Bavaria ya Juu yalijaa kuanzia Ijumaa, wenye mashamba wakalalamika takataka na vinyesi, na walinzi wakaanza kupita usiku wakigonga vioo. Hapo ikajulikana jinsi sheria ilivyo na macho makali. Sheria ya barabarani ya Ujerumani inamruhusu dereva kulala ndani ya gari usiku mmoja, mahali panaporuhusiwa kuegesha, ili apate tena nguvu za kuendesha. Hilo ni pumziko. Ukiteremsha kiti kimoja na meza nje, ukawasha jiko kandokando ya tairi, umepiga kambi, na kambi bila kibali ina faini. Jimbo la Tirol, upande wa pili wa mpaka, ni kali zaidi: nje ya viwanja vya kambi vilivyosajiliwa, kupiga kambi ni marufuku. Kwenye barabara ya Grossglockner kulala hakuruhusiwi kabisa. Geti hufungwa usiku, na kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Mei barabara yote hufungwa kwa theluji. Anayetaka kuona jua likitua kutoka Edelweissspitze inambidi ahesabu kona na muda wa kushuka, awe na kombi ya mwaka 1951 au ya mwaka jana, kwa sababu mlinzi wa geti hafanyi tofauti.